Kikapu Kilichokalia Kiti Changu

Mwaka wenyewe mnaujua. Ni huu unaoisha, tulikula viazi asubuhi, viazi mchana, na jioni tukaviponda na kabichi ili visifanane na vya mchana. Mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa mtoto wa nasari, na mtu akipika ugali alifunga mlango kwanza. Mwaka huo ndio nilipanda ndege.

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kwenye kituo cha majani ya chai tukingoja lori. Nimechoka kurudia, maana kila nikirudia kuna mmoja wenu anaongeza chake. Juzi nimesikia eti nilioga na tembo. Sijaoga na tembo. Nimenunua daftari, naandika mara moja na basi. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hivyo mkiona herufi zimelala, ziamsheni wenyewe.

Litein mpaka uwanja wa ndege

Chelangat mnamjua, ni mtoto wa marehemu binti yangu, nimemlea mwenyewe. Sasa anafundisha Kiingereza kule Thailand. Akanipigia simu mimi bibi yake: "Kogo, shule zinafungwa. Kuja tutembee wiki tatu, nikuonyeshe miji na visiwa." Nikamwambia nakuja. Sikumuuliza ni mbali kiasi gani.

Aliyeuliza ni Kiprono, kifungua mimba wangu, yule wa Nakuru. Kiprono ana gari na ana tumbo, na kwa miaka miwili alikuwa ananiambia nihame. Anasema goti langu la kushoto limeisha. Goti ni langu, yeye amejuaje limeisha? Anataka chai yangu ikodishwe, nyumba ifungwe, mimi niende kwake nikae. Hiyo chai niliipanda na baba yake, mche kwa mche, nikiwa na mimba ya huyo huyo Kiprono.

Ile Jumapili mlikuja kuniombea, alisimama mbele yenu nyote akasema: "Mama, tukubaliane. Ukienda na ukirudi kwa miguu yako, hutanisikia tena. Lakini ukirudi umesukumwa kwa kiti cha wagonjwa, mwezi unaofuata tunakodisha shamba na unakuja Nakuru." Nikampa mkono. Mliona. Mlikuwa mnakula viazi vyangu.

Chelangat alikuwa amenitumia begi la mgongoni, lenye zipu mpaka mahali ambapo hakuna kitu cha kufungua. Nikaangalia kamba zake, nikacheka. Nimebeba kikapu cha majani mgongoni tangu kabla ya aliyeshona hilo begi kuzaliwa. Nikaliacha juu ya kabati. Nikachukua kikapu changu cha kuchunia chai, nikakiosha, nikatia nguo, Biblia, majani ya chai pakiti nne, nikafunga kitambaa juu.

Kiprono akaona aibu. "Mama, watu watafikiri unaenda kuchuna chai."

"Basi wakiwa na chai nitachuna."

Tulipofika uwanja wa ndege Nairobi, mama mmoja wa sare ya kazi alikuja anasukuma kiti cha magurudumu. Juu yake kulikuwa na karatasi yenye jina langu, majina yote matatu. Akasema, "Karibu shosh, kalia tu, nitakupeleka mpaka ndani."

Nikamwangalia Kiprono. Kiprono akaangalia simu yake. Hapo nikaelewa. Mtoto niliyemtoa tumboni alikuwa amepanga nisukumwe kabla hata sijatoka Kenya.

Nikasema kwa sauti, yule mama asikie na Kiprono asikie: "Hapana. Mimi sikalishwi na mtu. Nikichoka, nitakaa mwenyewe."

Nikavaa kikapu changu nikaingia. Nilipogeuka, Kiprono alikuwa amesimama na kile kiti kitupu, kama mtu aliyeleta ng'ombe sokoni akakosa mnunuzi.

Bangkok

Mnajua lile joto linalokupiga usoni wakifungua mlango kule kiwandani, mahali majani yanakaushwa? Sasa fikiria kiwanda kisicho na mlango wa kutokea. Hiyo ni Bangkok.

Tulilala nyumba ya vijana wanaotembea dunia, vitanda vimepandana kama rafu za duka. Wazungu wanane, mimi na Chelangat. Mmoja akainua kikapu changu, akakizungusha, akaniuliza nilikinunua wapi. Nikamwambia nilisuka. Kesho yake wote walitaka kupigwa picha wamekivaa. Mabegi yao yenye zipu yalikuwa yamelala chini, hakuna aliyeyapiga picha.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilianza kukosea bila kujua.

Msichana wa mapokezi aliponiona alikunja mikono pamoja kifuani, akainamisha kichwa mbele yangu. Moyo wangu ukafurahi. Nikasema, kumbe huku bado wanalea watoto! Nyinyi mnajua, sisi tulipokuwa wadogo tulimpelekea mtu mzima kichwa, naye anaweka mkono juu, hapo umesalimiwa na umebarikiwa. Siku hizi hawa wetu wanakupungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Basi nikamwekea mkono wote kichwani, nikamwombea apate mume mwenye akili. Akakauka kama kigingi. Nikafikiri baraka imeingia.

Chelangat hakuona, alikuwa nje akibishana na mwenye teksi. Na kila mahali ilikuwa hivyo hivyo, yeye mbele anasoma ramani kwenye simu, mimi nyuma nabariki. Nilimbariki muuza maembe. Nilimbariki askari wa duka kubwa, akarudi nyuma mpaka akagonga mlango. Kwa siku mbili nilishika vichwa sita, nikiona tu kwamba watu wa huku wana haya sana.

Kuhusu chakula: ni wali. Asubuhi wali, jioni wali. Baada ya vile viazi vya nyumbani sikulalamika. Kuna saladi ya papai bichi wanayoitwanga kwenye kinu na pilipili, nikala kijiko kimoja, nikasikia masikio yamefunguka. Niliimaliza hata hivyo, kwa sababu muuzaji alikuwa anasubiri nishindwe. Sokoni wanauza wadudu wa kukaangwa, marundo marundo. Nikawakumbuka majirani zetu waliotoka upande wa ziwa, wale wa nyumba za kiwanda, jinsi wanavyokimbilia kumbikumbi mvua ikinyesha. Wangefurahi. Mimi nilipita.

Lakini chai! Niliagiza chai, nikaletewa glasi ya kitu cha rangi ya chungwa, kimejaa barafu, na mrija wa kunywea umesimama ndani yake.

"Chelangat, hii ni soda."

"Ni chai, Kogo. Ndiyo chai yao."

"Mwambie aniletee aliyowapikia watoto wake."

"Kogo, wacha kunitia aibu. Onja."

Nikaonja. Ilikuwa tamu na baridi kama maji ya mto mwezi wa saba. Nimechuna chai miaka arobaini na zaidi, mikono yangu imekuwa na rangi yake, na hakuna siku niliwaza kwamba mwisho wake ni hapo. Nilikunywa yote kwa sababu ya joto. Hilo msimwambie mtu.

Gari moshi

Kutoka Bangkok kwenda Ayutthaya, mji wa mahekalu, Chelangat alisema ni saa moja na nusu kwa gari moshi. Lilitembea kidogo, likasimama katikati ya mashamba ya mpunga, likakaa hapo kwa saa tatu nzima. Hakuna aliyeuliza kitu. Watu walifungua chakula wakala. Nilingoja mtu asimame apige kelele, kama vile sisi tungefanya, nikaona hayupo, nikasimama mimi. Nililalamika kwa Kipsigis, maana Kiswahili kingepotea vilevile. Nilieleza mambo ya uongozi, na ya vyuma vya zamani, na ya watu kukaa kimya.

Walinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha mama mmoja akanipa wali uliopikwa ndani ya mwanzi pamoja na nazi, na mwingine akaanza kunipepea. Ukipepewa na mtu huwezi kuendelea kugombana. Nikakaa.

Ayutthaya

Mahekalu yale yalijengwa kwa matofali, mengine yamevunjika, mengine yamesimama na ngazi zinazopanda juu kama paa la nyumba. Vijana wa Kizungu walifika nusu wakakaa kushika mbavu. Mimi nimezoea mteremko wa shamba langu nikiwa na kilo za majani mgongoni, tena kwenye matope. Nilipanda mpaka juu, nikateremka, goti likiwa kimya. Nikamwambia Chelangat anipige picha nikiwa juu, amtumie Kiprono. Kiprono alijibu kwa kidole gumba kimoja tu.

Kando kulikuwa na hekalu ambalo bado watu wanasali, na mlangoni unavua viatu. Mzee mmoja mwembamba alikuwa anavipanga, jozi kwa jozi. Nilipompa raba zangu alizipokea kwa mikono miwili, akainama. Mnajua nilichofanya.

Lakini huyu hakuwa msichana wa mapokezi. Alikuwa mtu wa rika langu, labda kunizidi, na nyuma yake alikuwa binti yake na wajukuu. Binti akapiga kelele. Watu wakageuka. Mzee mwenyewe alishika kichwa chake mahali nilipokigusa, akabaki ananiangalia kama mtu aliyepigwa na mgeni wake.

Chelangat akaja mbio. Akaomba msamaha kwa lugha yao, akiinama, akiinama tena. Kisha akanivuta kando.

"Kogo, umemshika kichwa?"

"Si amekileta?"

"Hapa kichwa hakiguswi! Kichwa ndicho mahali pa heshima yote ya mtu. Kukishika ni matusi. Umeshika vingine?"

Nikahesabu. "Huyo ni wa saba."

Alikaa chini kwenye nyasi. Nilifikiri analia, kumbe anacheka, kisha kweli akalia. "Na yule askari? Kogo! Na yule wa mapokezi?"

"Huyo nilimwombea mume."

Nitawaambia jinsi nilivyojisikia. Sikuona aibu kwa baraka. Baraka ni baraka, na sitaitubu. Lakini niliwaza: je, kama mgeni angekuja kwangu akatemea moto wa jikoni mwangu, halafu akasema kwao ni salamu? Yule mzee alikuwa amepokea viatu vyangu kwa mikono miwili, nami nikamdharau mbele ya wajukuu wake. Sikulala vizuri.

Asubuhi nikarudi. Chelangat alisema hakuna haja, amekwisha kusema samahani. Nikamwambia, "Mkono ulikuwa wangu, si wako." Nikatoa pakiti ya majani ya chai kutoka kwenye kikapu. Yule mzee alikuwa amekaa chini kwenye mkeka wake. Kwao ukimwomba mtu mzima msamaha unatakiwa kichwa chako kiwe chini ya chake. Sasa ukimkuta amekaa chini, wewe unaenda wapi? Nilipiga magoti yote mawili kwenye sakafu ya jiwe, nikainama mpaka kitambaa changu kikagusa chini, nikampa ile pakiti kwa mikono miwili.

Akaipokea. Akainusa muda mrefu, macho yamefungwa. Akasema kitu, na binti yake akacheka. Chelangat akatafsiri: "Anasema kama hiyo ndiyo faini, umshike tena kesho."

Nikacheka, nikainuka. Yaani, nilitaka kuinuka. Goti la kushoto lilisema *ka!* kama kuni kavu. Mzee alisikia. Chelangat alisikia. Nafikiri Kiprono alisikia akiwa Nakuru.

Kisiwani

Jina la kisiwa nimeambiwa mara tatu na mara tatu limetoka. Tulienda kwa basi, kisha boti. Goti lilikuwa limefura kama kichwa cha kabichi. Bahari mnaisikia tu; ni kubwa, ina chumvi kweli, na haitulii, kama mtoto anayetaka kwenda nje. Nilikuwa nimeota kuingia nimevaa gauni. Nilikaa ufukweni mguu mmoja ukiwa kwenye maji, nikakasirika.

Tulipaswa kukaa siku mbili. Mawimbi yakapanda, boti zikakataa kutoka, tukakaa siku sita. Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya mama mmoja tuliyemwita Yai, neno ambalo kwao ni kama sisi tunavyosema Kogo. Mfupi, mweusi wa jua, meno matatu mbele, anakaanga ndizi na kuuza. Aliona goti langu, akatoa sauti ya kunisikitikia, akaenda nyuma ya nyumba akarudi na majani na mizizi. Akavifunga kwenye kitambaa kama mpira, akautia kwenye mvuke, akanikanda nao. Nilipiga kelele. Akanipiga kofi kwenye paja akaendelea. Mara tatu kwa siku, siku zote sita.

Hatukuwa na lugha. Chelangat alitafsiri nusu, nusu nyingine alikuwa amelala. Jambo tulilogombania ni moja: nani mkubwa. Yai alinyoosha vidole kuonyesha miaka yake, nami nikaonyesha yangu, na kila nilipoonyesha aliongeza mmoja. Nikamwonyesha kitambulisho. Akakisukuma huko. Akaonyesha meno yake, kwamba mtu mwenye matatu hawezi kuwa mdogo kwa mtu mwenye mengi. Nikampikia chai yetu, maziwa na majani, ikachemka ikapanda ikashuka. Akanywa vikombe vitatu, kisha akaonyesha tena vidole. Bado mkubwa.

Siku ya tano Kiprono alipiga simu ya picha. Nilikuwa nimesahau mguu uko juu ya stuli.

"Mama. Hilo ni goti au ni nini?"

"Ni goti."

"Nilisema. Si nilisema? Nitaongea na watu wa ndege kiti kiwe tayari, huku na kule. Usibishane nao. Na chumba chako nimeshapaka rangi."

Akakata. Chelangat hakunitazama. Akasema polepole, "Kogo, unaweza tu kukalia. Mimi sitamwambia." Nikamwambia, "Mimi nitajua."

Boti zilipokubali, Yai alinisindikiza mpaka gatini. Chelangat alikuwa amemweleza habari ya vichwa saba, na Yai alikuwa amecheka mpaka akaacha ndizi zikaungua. Nilikunja mikono kifuani, nikainama vizuri kama nilivyofundishwa. Yule mama akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha paa! akanibandika mkono wake wote kichwani, mkono wenye mafuta ya ndizi, akausugua juu ya kitambaa changu.

Akanionyesha vidole. Mkubwa.

Nilikubali. Ningefanya nini, alikuwa ameshanibariki.

Kurudi

Kile kiti kilinifuata. Bangkok kilikuwepo, na karatasi yenye jina langu, nikapita. Pale tulipobadilisha ndege kilikuwepo tena, na kutoka mlango huu hadi ule ni mbali kama Litein hadi Chemosit. Chelangat alikuwa amebaki kazini kwake, nilikuwa peke yangu.

Nawaambia nyinyi kwa sababu ni marafiki zangu: nilikitamani. Nilitembea, nikasimama, nikashika ukuta. Kijana wa kazi alinifuata polepole na kiti, kama fisi anavyofuata ng'ombe mgonjwa. Nikaona chumba cha Nakuru kimepakwa rangi. Nikaona mtu mwingine kwenye mistari yangu ya chai, akichuna majani makubwa makubwa na kuvunja matawi.

Nikasimama. Nikageuka. Nikavua kikapu mgongoni, nikakiweka juu ya kiti, nikakifunga mkanda wa kiunoni. Nikamwondoa yule kijana mikono kwenye vishikio, nikashika mimi.

"Madam," akasema kwa Kiingereza, "kiti ni chako."

Nikamwonyesha kikapu, nikaweka mikono shavuni kama mtu anayelala. Kikapu ndicho kimechoka.

Nilikisukuma mpaka mlango wa ndege, nimekiegemea, mguu mmoja unatembea na mwingine unakuja. Nairobi nikafanya hivyo hivyo. Yule mama wa sare, yule wa siku ya kwanza, ndiye aliyekuwa zamu. Alinitambua. Akaniachia kiti, akatembea kando yangu akiwaambia watu, "Pisheni, kuna mgonjwa," akionyesha kikapu.

Kiprono alikuwa nje pale wanapongojea. Alikiona kiti kwanza, akaanza kutabasamu. Kisha akaona kilichokikalia. Kisha akaniona mimi nyuma yake.

Nyumbani

Mnadhani aliheshimu ule mkono tulioshikana? Alinyamaza wiki mbili. Jumamosi iliyopita amekuja na pikapu, kamba za kufungia vitanda ziko nyuma. Nilikuwa kwenye chai. Mguu bado unafura jioni, siwadanganyi, namaliza mistari miwili tu, si sita ya zamani. Akateremka kati ya mistari na viatu vyake vya mjini.

"Mama, uliegemea kile kiti."

"Niliegemea. Ulisema nisisukumwe. Nani alinisukuma?"

"Wacha mambo ya mahakama. Mimi nakuogopea. Ukianguka hapa, nani atakusikia?" Na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya alipokuwa mdogo akiogopa radi. "Aki mama. Mke wangu amekuandalia kila kitu. Nimekununulia kiti kizuri, cha mto, nimekiweka pale dirishani, jua linaingia asubuhi. Utakaa tu. Kazi yako itakuwa kukaa."

Nilimwonea huruma, huyo mtoto. Nikamshika kichwa, maana chake ninaruhusiwa, nikamwombea safari njema ya kurudi Nakuru. Pikapu ilikuwa bado inanguruma pale juu barabarani. Nikavaa kikapu changu, nikatafuta mahali nilipokuwa nimefika kwenye mstari, na nikamjibu.

"Hapana. Mimi sikalishwi na mtu. Nikichoka, nitakaa mwenyewe."